Raba gani kwenye ubao gani? Maswali ya mpira wa meza yanayorudi kila siku

Tukubaliane majina kwanza. Nikisema raba namaanisha ile ngozi ya mpira pamoja na sponji yake chini, nikisema ubao namaanisha mti wenyewe na mpini wake. Ukivibandika pamoja ndo unapata raketi. Maswali sijayapanga kwa ukubwa wala umuhimu, yamekuja tu yalivyokuja.

Nianze kununua ubao au raba?

Ubao. Raba inaisha, ubao unabaki. Mtu anayecheza mara kadhaa kwa wiki anamaliza raba ndani ya msimu, lakini ubao ukiutunza unakaa nao miaka na miaka, na mkono unauzoea hadi unajua mpira umegonga wapi bila kuangalia. Wengi wetu tunafanya kinyume, mtu anajinyima anaagiza Tenergy, raba ya Kijapani ya bei mbaya, halafu anaibandika kwenye ubao wowote uliokuwepo, kisha analalamika raba imemsumbua. Raba haijamsumbua.

Na jambo la pili hapohapo: ukishapata ubao usiuguse. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili ubao, raba ya fohendi (upande wa kiganja) na ya bekihendi (upande wa mgongo wa mkono) wiki moja hutajua kipi kimekufanya upige mipira nje, na hapo ndo watu wanaingia kwenye ule ugonjwa wa kununua vifaa kila mwezi na mchezo uko palepale.

Zile raketi za dukani zilizokwisha bandikwa raba zinafaa?

Kwa kucheza nyumbani na watoto zinafaa, hakuna shida. Kwa kujifunza mchezo nyingi hazifai na sababu ni moja tu, raba yake ni kavu. Fanya hivi ukiwa dukani: chukua mpira, uburuze juu ya raba kwa kuukandamiza kidogo. Ukiteleza tu kama uko kwenye kioo, achana nayo, hiyo haitakufundisha spini, yaani kuuzungusha mpira, hata ukae nayo mwaka. Angalia pia kama chini ya raba karibu na mpini kuna nembo ya ITTF, shirikisho la mpira wa meza la dunia, na namba, maana bila hiyo refa wa mashindano rasmi hakuruhusu. Kuna raketi chache zilizoungwa tayari ambazo ni nzuri tu, lakini kwa hela hiyohiyo mara nyingi unapata ubao wa Kichina na raba mbili zinazobadilishika, na hapo umeanza vizuri zaidi.

Kwani raba ina umuhimu gani hivyo, si ni mkono tu?

Mkono ndio, lakini muulizeni Hiroji Satoh. Mwaka 1952 mashindano ya dunia yalikuwa Bombay, India, huyu Mjapani akaja na raketi ya sponji nene wakati wenzake wanatumia raba ngumu za vipele (vile vichomozo vidogo vya mpira vinavyotokeza juu) zisizo na sponji. Mpira ukawa hautoi ule mlio waliouzoea, unakuja tofauti kabisa, akachukua ubingwa wa dunia. Toka hapo mchezo haukurudi nyuma. Baadaye ikabidi sheria ziingie, leo raba yenye sponji haitakiwi kuzidi milimita 4 unene wote pamoja na gundi.

Tabaka 5, tabaka 7, kaboni... nichague ipi?

Kama bado unajifunza, tabaka 5 za mbao tupu. Hapa sina mjadala mrefu. Stiga Allround Classic, Yasaka Sweden Extra, au ubao wa Yinhe wa tabaka 5 kama mfuko umebana. Zinapinda kidogo mpira unapogonga, mpira unakaa kwenye raketi kitambo kidogo zaidi, unausikia, na ukikosea mkono unakwambia umekosea wapi.

Tabaka 7 kama Stiga Clipper ni ngumu na nzito zaidi, zinapendwa na watu wa kukaa karibu na meza, kubloku (kuzuia) na kupiga mipira bapa, isiyo na spini nyingi. Kaboni ni hadithi nyingine. Sheria inasema asilimia 85 ya unene wa ubao lazima iwe mbao ya asili, na kila utando wa kaboni au nyuzi nyingine usizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kidogo kati ya hivyo. Kwahiyo hata ule ubao unaoambiwa ni wa kaboni bado ni mti, kaboni ni utando mwembamba tu katikati ya tabaka. Swali la kuuliza ni utando umekaa wapi. Kwenye Butterfly Viscaria uko chini tu ya mbao ya nje, ambayo ni koto, ngumu, kwahiyo ukigusa tu mpira umeshaondoka. Kwenye Innerforce Layer ALC utando umesogezwa ndani karibu na kiini na mbao ya nje ni limba, laini zaidi, kwahiyo ukipiga polepole unahisi kama mbao tupu na ukipiga kwa nguvu ndo kaboni inaamka.

Na kwa taarifa yako, hizo limba, ayous na koto ni miti ya misitu ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, limba ipo mpaka Congo. Mti unatoka kwetu, unaenda kukatwa vipande Ulaya na Asia, unaturudia kwa bei ya kutisha. Haya tuendelee.

Hizi ALL, OFF-, OFF+ zinamaanisha nini?

Ni kasi. DEF ya kujihami, ALL ya kati, OFF ya kushambulia, na alama ya kujumlisha au kutoa ni zaidi au pungufu kidogo. Kila kampuni inajipimia yenyewe, kwahiyo OFF ya huyu inaweza kuwa ALL+ ya yule. Usizitolee roho.

Raba za Kichina na za Kijerumani au Kijapani zina tofauti gani?

Tofauti kubwa, na hapa ndo penye utamu.

Raba ya Kichina ya asili, mfano DHS Hurricane 3 au zile za Friendship 729, inanata. Ukiweka mpira juu yake ukainua unaweza kubebeka kidogo. Sponji yake ni ngumu na haina chemchemi nyingi, haikupi kitu cha bure. Spini inatoka kwenye ule mnato na kwenye mwendo wako mwenyewe, miguu, kiuno, mkono wote. Ukiwa na mkono mfupi wa uvivu mpira unaishia kwenye neti. Faida yake ni mipira mifupi: sevu (mpira wa kuanzisha), kupokea sevu, kusukuma chini, unaidhibiti vizuri sana kwasababu raba hairukirukii yenyewe.

Raba za Kijerumani, ambazo wengi tunaziita tensa, zina mvutano ndani yake tangu kiwandani. Nyingi zinatoka kiwanda kimoja Ujerumani, ESN, kinachotengenezea kampuni kibao kama Tibhar, Donic, Andro, Joola na Xiom, ndo maana majina ni mia lakini tabia zinafanana. Hizi hazinati, zinashika. Mpira unazama kwenye sponji halafu unarushwa. Ukipiga nusu ya nguvu bado mpira unakwenda. Za Kijapani za Butterfly, yaani Tenergy iliyotoka 2008 na Dignics iliyotoka 2019, ni za ukoo huo huo wa chemchemi, bei ndo iko mawinguni. Kuna na mchanganyiko, Dignics 09C kwa mfano, inanata kidogo na inaruka pia.

Kwa mtu wa kawaida mwenye kazi, anayecheza jioni, mi naona tensa ya kati kama Xiom Vega Europe inamsaidia zaidi kuliko Hurricane. Hurricane inadai mazoezi. Lakini mtoto mwenye kocha anayefanya mazoezi ya kweli, mpe ya Kichina ajifunze kupiga kwa mwili mzima, atakushukuru.

Mzee wetu kilabuni anasema Mark V na Sriver zinatosha, haya mengine ni biashara. Ni kweli?

Mzee ana hoja. Zote mbili zipo sokoni tangu miaka ya 1960, na Mark V bado ni raba nzuri mno ya kujifunzia, nyepesi, inadumu, haina ujanja. Kilichobadilika ni mpira. Mwaka 2000 ulipanuliwa kutoka milimita 38 kwenda 40, halafu 2014 ikaja mipira ya plastiki badala ya seluloidi, na kila mara spini ikapungua. Ndo maana washindani wa leo wanatafuta raba zinazoshika zaidi na sponji ngumu zaidi. Kama huendi kwenye ligi kubwa, msikilize mzee.

Sponji iwe nene kiasi gani?

Anayeanza 1.8 au 2.0. Ukishakuwa na lupu (pigo la kuusugua mpira kwenda juu na mbele) inayoeleweka nenda 2.1, 2.2 au ile wanayoandika MAX. Nyembamba unausikia ubao zaidi na mipira inatulia, nene inakupa nguvu na spini lakini inakuadhibu ukichelewa. Kuongeza unene ni kuongeza uzito pia, watu wanalisahau hilo.

Namba za ugumu zinanichanganya, Hurricane ni 39 na Vega ni 42, ina maana Hurricane ni laini?

Hapana! Hii inawapoteza wengi. Vipimo havifanani. DHS wana kipimo chao, Wajerumani wana chao, Butterfly wana chao. Hurricane ya digrii 39 ni ngumu kuliko Vega Europe ya arobaini na kitu, tena kwa mbali, ukiibonyeza kwa kidole utajua. Tenergy 05 imeandikwa 36 na wala siyo laini. Linganisha namba ndani ya kampuni moja tu.

Sasa naoanishaje raba na ubao?

Wazo la msingi ni hili, usirundike vitu vya aina moja upande mmoja. Ubao mgumu wenye kasi ukiuwekea raba ngumu yenye kasi unapata raketi ambayo mpira hautulii hata sekunde, ukigusa sevu unaruka juu, mpinzani anakula. Ubao laini unaopinda ukiuwekea raba laini sana unapata kitu kitamu mkononi ila ukija mpira mzito unazama wote, sponji inabanwa mpaka mwisho, mpira unagonga mbao na hapo spini inapotea. Kwahiyo kawaida ni kusawazisha: ubao laini uchukue raba ya kati kwenda ngumu, ubao mgumu uchukue raba ya kati kwenda laini. Siyo amri lakini ni pa kuanzia.

Mifano ya kweli sasa. Allround Classic au Sweden Extra na Vega Europe au Mark V pande zote mbili, 1.8 au 2.0, hiyo ukimpa mtu yeyote anayeanza hakosei. Akishapanda, anaacha ubao uleule anabadili fohendi tu aweke kitu kigumu zaidi kama Fastarc G-1 ya Nittaku, na anaona kama amenunua raketi mpya.

Mwenye bajeti ndogo anayetaka njia ya Kichina achukue ubao wa Yinhe wa tabaka 5, fohendi Hurricane 3 Neo, bekihendi raba laini zaidi inayoruka. Kwanini bekihendi laini? Kwasababu kule mwendo ni mfupi, huna nafasi ya kuvuta mkono kama fohendi, unahitaji raba ikusaidie. Wachina wenyewe wengi wanafanya hivyo, fohendi ya kunata na bekihendi ya chemchemi.

Clipper inapenda raba ya ugumu wa kati, na inapendana sana na vipele vifupi.

Viscaria na ndugu zake wa kaboni ya nje, hapa tuongee ukweli. Ukiweka tensa laini unapata kombeo. Inafurahisha dakika kumi za kwanza, wakati wa kupasha, mpira unapiga mlio mzuri, unajiona bingwa. Mechi ikianza, mipira mifupi inakushinda. Mbao hizi zinaenda vizuri na raba zisizoruka zenyewe, Hurricane au 09C, lakini ukishaweka hizo unahitaji mwendo wa mchezaji wa kweli. Kwahiyo ubao wa kaboni ya nje kwa anayeanza haupatani na kitu chochote, si laini si ngumu. Muuzaji atakwambia vingine.

Njia rahisi ya kujua kama umeoanisha vibaya: kama mipira ya nguvu inaingia lakini sevu na mipira ya kusukuma inapaa, raketi yako ina kasi kuliko wewe, punguza raba kwanza. Kama kila lupu inaangukia kwenye neti hata ukipiga sawasawa, raba inarusha chini sana au ni ngumu kuliko mwendo wako.

Nikiweka setapu ya Ma Long nitacheza vizuri?

Utacheza vibaya, bana. Ma Long wa China ana dhahabu za singo za Olimpiki za Rio 2016 na Tokyo, na Hurricane yake ni daraja la timu ya taifa, siyo ileile unayonunua mtandaoni. Kuna daraja la kawaida, la mkoa na la taifa, na la kawaida ndo letu. Kama unataka kuiga mtu muige Quadri Aruna wa Nigeria, aliyeingia kumi bora ya dunia 2022, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Na namaanisha iga mazoezi yake, siyo raketi.

Raba za vipele ni za nani?

Vipele vifupi ni vya kupiga mipira bapa karibu na meza, spini ya mpinzani haikusumbui sana. Mima Ito wa Japani anavitumia bekihendi na alichukua dhahabu ya mchanganyiko (mwanamume na mwanamke) kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Vipele virefu vinarudisha spini ya mpinzani ikiwa imegeuka, akikupa topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) anarudishiwa chopu (unaozunguka kurudi nyuma) bila wewe kufanya kitu kikubwa. Ni vya wajihami wa mbali kama Joo Sae-hyuk wa Korea Kusini, aliyefika fainali ya dunia Paris 2003, au vya wazuiaji wa karibu kama Ni Xialian wa Luxembourg ambaye alikuwa bado anacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 61. Kwa kubloku karibu watu wanaweka bila sponji kabisa, kwa kuchopu mbali wanaweka sponji nyembamba, 0.5 mpaka 1.0 hivi. Ubao uwe wa polepole. Vipele virefu kwenye kaboni ya kasi ni kujitafutia.

Ila usivikimbilie kwasababu umechoka kupokea sevu za mtu fulani. Jifunze kwanza kusoma spini kwa raba za kawaida zisizo na vipele juu, pande zote, maana mpinzani akishazoea vipele vyako hutakuwa na kitu kingine mfukoni.

Lazima iwe nyekundu na nyeusi?

Upande mmoja lazima mweusi. Wa pili ulikuwa mwekundu tu, lakini toka Oktoba 2021 unaruhusiwa pia pinki, zambarau, kijani au bluu. Sababu ya rangi mbili ni ya zamani, watu walikuwa wanaweka raba mbili tofauti kabisa za rangi moja halafu wanazungusha raketi, hujui amepiga na ipi.

Nibandike kwa gundi gani? Fundi viatu ana gundi kali sana.

Muache fundi na gundi yake. Gundi za kemikali zenye harufu kali zilipigwa marufuku baada ya Olimpiki ya Beijing 2008, kwa ajili ya afya. Tumia gundi ya maji ya raketi. Paka nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji, subiri ile nyeupe igeuke uwazi kabisa (usiwe na haraka hapa, kwenye unyevu inachukua muda), weka raba kuanzia mpinini ukiisukuma taratibu kwa chupa ya mviringo, usiivute. Weka kitabu kizito juu, kisha kata kwa mkasi mkubwa au wembe mpya. Kama ubao ni wa mbao laini paka vanishi nyembamba kabla, la sivyo siku ya kubandua unaondoka na nyuzi za mti. Kubandua ni polepole kufuata mistari ya mbao.

Yale mafuta ya kuvimbisha sponji nayo hayaruhusiwi, raba itumike kama ilivyotoka kiwandani.

Uzito wa raketi una shida?

Una shida sana. Ubao wa gramu 85 hadi 90 na raba mbili unafika 180 au 190 bila kujijua, na Hurricane ni nzito kuliko Mark V. Kiwiko kikianza kuuma usikimbilie dawa, pima raketi kwanza.

Naishi pwani, raba inateleza jioni. Ni mbovu?

Ni unyevu. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, wote mnalijua hili, ukungu mwembamba unakaa juu ya raba na juu ya mpira na raba inayonata ndo inaathirika zaidi. Futa kwa taulo kavu kati ya pointi kadri sheria inavyoruhusu, na futa mpira pia. Wa Nairobi wana shida yao nyingine, hewa ya juu ni nyepesi, mpira haupindi sana na unaenda mbali zaidi, kwahiyo aliyetoka pwani akaona lupu zake zinapitiliza meza asibadili raba.

Ukimaliza kucheza futa kwa sponji yenye maji kidogo, acha ikauke, funika na plastiki yake. Vumbi la meza za zege linaua mnato haraka kuliko kucheza kwenyewe. Na usiiache kwenye gari juani, hata saa moja.

Nitajuaje raba feki?

Bei ikiwa robo ya kawaida ushajua. Tenergy na Hurricane ndo zinaigwa sana. Angalia maandishi kama yamekaa sawa, namba ya ITTF kama iko na inalingana na orodha ya raba zilizoidhinishwa kwenye tovuti yao. Afadhali raba halisi ya bei ya chini kuliko jina kubwa la uongo.

Nibadilishe lini, na ya zamani niipeleke wapi?

Ukiona katikati panang'aa tofauti na pembeni, au ule mtihani wa kuburuza mpira unashindwa hata baada ya kusafisha, au sevu zako hazipindi kama zamani, muda umefika. Nyufa ndogo pembeni peke yake siyo sababu. Ukiibandua bila kuichana mpe anayeanza, hata iliyochoka inashika kuliko zile kavu za dukani, ila kama sponji imeanza kumeguka usimpe mtu, itupe.